Wikendi moja, shoo tatu, watu wanane kwenye kibasi kimoja: bendi yetu ya ska ilivyopona kwa kuchoka

#1 MtelezoMrefu

Wakuu, habari za humu. Kuna mtu aliniuliza kwenye uzi wa ala za kupuliza kama inawezekana bendi ya watu wanane kupiga shoo tatu ndani ya siku tatu bila kugombana. Jibu fupi: haiwezekani. Jibu refu ndio huu uzi, tafuteni pa kukaa.

Mimi napuliza tromboni. Wenzangu ni besi, gitaa, kinanda, drams, tarumbeta, saksafoni ya tena na mwimbaji. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, miji mitatu, kumbi ndogo zote. Kwamba hatutarudi matajiri tulilijua kabla ya kuwasha gari.

Kwa wasioijua ska vizuri: ilizaliwa Jamaica mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Kingston, wanamuziki walipochukua jazi na bluzi za kuchezeka kutoka Marekani wakazipindua uzito. Hesabu kwa mdomo: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Kwenye ska gitaa halina namba, lina "na" tu. Cha! Cha! Cha! Cha! Fupi kabisa. Mkono wa kulia unakwangua nyuzi, vidole vya kushoto vinalegea papo hapo ili sauti ife kabla haijakua. Besi inatembea chini, kiki (dramu kubwa ya mguuni) na snea (ile ndogo ya mlio mkali) vinaangukia pamoja kwenye mbili na nne, halafu juu yake tunakaa sisi midomo ya bati, yaani wapulizaji. Ukiondoa hiyo "na", kinachobaki ni bendi ya gwaride.

Ijumaa. Ukumbi wa chini ya ardhi, ngazi nyembamba, jukwaa la ukubwa wa meza mbili. Tukapandisha drams na kinanda, amplifaya ya besi ikapangwa mbele ya amplifaya ya gitaa kwa sababu hapakuwa na kwingine, sisi wapulizaji watatu tukasimama chini pamoja na watazamaji. Tromboni, kama hamjui, ni chombo kisicho na adabu kwenye sehemu finyu. Mtelezo, ule mrija unaosukumwa mbele na nyuma kubadili noti, ukifika nafasi ya saba, ya mwisho kabisa, mkono wote umenyooka, na mbele yangu alikuwa mwimbaji. Nilimgonga kisogoni mara mbili. Mara ya pili aligeuka akaendelea kuimba huku ananitazama mimi, watu wakadhani ndio shoo yenyewe.

Watazamaji nilihesabu 27. Kati yao saba walikuwa bendi iliyopiga kabla yetu.

Sasa kilichotuumbua. Tulikubaliana na mwenye ukumbi dakika 45. Nyimbo tulizipima mazoezini, zinatosha kabisa. Tukapiga zote, mwimbaji akaaga, nikatazama saa: dakika 39. Tukabaki tunatazamana. Watu wanapiga makofi wanataka nyingine, na sisi hatuna nyingine. Tukarudia wimbo wa kwanza, safari hii kwa kasi kuliko mara ya kwanza.

Usiku nilichukua rekodi ya simu nikaipitisha kwenye programu ya kuhesabu mapigo. Mazoezini tunapiga karibu 132 kwa dakika. Ijumaa tulianza 141, katikati 150, wimbo wa mwisho 163. Mwimbaji alikuwa anameza maneno, nami nilidhani amesahau mashairi. Hakusahau. Hakuwa na mahali pa kuyaweka.

Naendelea baadaye, mdomo bado umevimba (najua ninachapa kwa vidole, lakini maumivu ni maumivu).

#2 KambaTano

Nimeweka mkeka. Hapo kwenye kisogo cha mwimbaji nimecheka hadi nimeamsha watu.

#3 Shabiki_wa_79

Mkuu heshima yako, ila kasi unaisingizia. Ska ya 1979 kule Uingereza ilikuwa ya moto. Jerry Dammers kaanzisha lebo ya 2 Tone pale Coventry, The Specials, The Selecter, Madness kwenye singo yao ya kwanza, wote wale waliichanganya na panki na ikakimbia. Mbona hakuna aliyesema wameiua? Watu 27 kwenye shimo la chini ya ardhi wanataka nini kama si kasi?

#4 MtelezoMrefu

@Shabiki_wa_79 sibishi kwamba wale walikimbia. Ila sikiliza albamu ya kwanza ya The Specials halafu uniambie tromboni ni ya nani. Ni Rico Rodriguez, mzee aliyesomea Alpha kule Kingston, shule ileile iliyomtoa Don Drummond, mpiga tromboni wa The Skatalites, bendi kubwa ya ska ya Jamaica. Vijana walikuwa na haraka zao, lakini ndani ya kundi wakamweka mtu anayejua "na" inakaa wapi. Ndiyo maana hata wakikimbia bado unaweza kucheza.

Tatizo si namba kwenye programu. Piga hesabu: kwa mapigo 132, kutoka kwenye namba hadi kwenye "na" yake kuna milisekunde 227. Kwa 160 zinabaki 188. Mguu wa mchezaji unainukia humohumo. Bendi iliyozoea 160 inajua kuitumia nafasi hiyo ndogo. Sisi hatukuichagua 160, ilitubeba.

#5 BintiMikisa

Mimi nakaa nyuma ya mitambo, si mwanamuziki. Swali kabla hujaendelea: gitaa lenu mliliwekea spika ya kujisikilizia jukwaani Ijumaa, au lilitegemea amplifaya yake tu?

#6 MtelezoMrefu

@BintiMikisa amplifaya yake tu, dada. Ukumbi ulikuwa na maiki mbili, zote za kuimbia. Kwa nini?

#7 BintiMikisa

Endelea kwanza. Nitarudi.

#8 MtelezoMrefu

SEHEMU YA PILI, JUMAMOSI

Asubuhi tulipakia upya kwa sababu ya ugomvi. Mpiga drams aliweka sanduku la kiki juu ya sanduku la tromboni yangu. Kwa mtu asiyepuliza hilo ni sanduku juu ya sanduku. Kwa mimi ni hivi: mtelezo ni mirija inayopita ndani ya mirija, na nafasi kati yao ni ndogo kiasi kwamba bonyeo usiloliona kwa macho utalisikia kwenye mkono kama mchanga. Nikasema tromboni itasafiri mapajani mwangu. Akasema basi na snea yake itasafiri mapajani mwake. Tukasafiri hivyo, watu wazima wawili, tumekumbatia masanduku, hatusemeshani.

Ukumbi wa pili ulikuwa mkubwa kidogo na mitambo ya kweli, fundi wa kweli, maiki kwa kila mpulizaji. Drams za kuazima kutoka bendi ya nyumbani, wetu akaja na vyake vinavyovunjika: snea, matoazi na pedeli ya kiki. (Wanaoanza, hii ishikeni. Bendi nyingine ikikuazima drams, hivyo vitatu unakuja navyo mwenyewe. Kuomba matoazi ya mtu ni kama kuomba mswaki.)

Watu walijaa. Sikuhesabu, ila nilishindwa kufika chooni. Na hapo joto likaanza kazi yake.

Tulityuni saa kumi na moja jioni ukumbi ukiwa mtupu na baridi. Tulipopanda usiku kulikuwa kama ndani ya sufuria. Ala za kupuliza zikipata joto sauti inapanda, kwa sababu hewa ya moto ndani ya mrija inapitisha sauti haraka zaidi. Nyuzi za gitaa zikipata joto zinarefuka, zinalegea, sauti inashuka. Kinanda cha umeme hakina habari, kipo palepale. Kwa hiyo kufikia wimbo wa tatu sisi tulikuwa juu, gitaa chini, kinanda katikati kama mtoto wa wazazi wanaoachana. Mimi naweza kurekebisha kwa mkono, tromboni haina vitufe, nikisogeza mtelezo kidogo nimeingia. Tarumbeta ina mrija wa kutyuni pia, lakini yule jamaa alikuwa na tatizo kubwa kuliko hilo.

Mdomo. Ijumaa hakuisikia sauti yake mwenyewe, akawa anasukuma kwa nguvu, anaikandamiza tarumbeta mdomoni ili afikie noti za juu kwenye kasi ile ya wendawazimu. Ukikandamiza, mdomo unavimba, ukivimba hautetemeki, usipotetemeka hakuna sauti. Wimbo wa nane, kwenye mstari wake wa peke yake, akavuta pumzi, akapuliza, ukatoka upepo. Fuuu. Mbele ya ukumbi uliojaa, maiki ikaupokea ule upepo vizuri kabisa na fundi akiwa ndio kwanza ameipandisha.

Saksafoni akaurukia ule mstari katikati, akauokoa nusu. Watu walishangilia, lakini sisi tulijua tumechemsha.

Malipo: tuliahidiwa fungu la pesa ya mlangoni, usiku mwenye ukumbi akalikumbuka likiwa dogo zaidi. Mwimbaji wetu ni mtu mpole sana ambaye hafuti meseji. Akamwonyesha simu. Likarudi kuwa kubwa.

#9 KambaTano

Pole kwa mwenye tarumbeta. Mkuu, mimi napiga gitaa na nataka kuanza kitu na mpulizaji mmoja. Nyie mnapiga kwenye ufunguo gani? Yangu yote iko E, na kila nikimpigia jamaa ananuna.

#10 MtelezoMrefu

@KambaTano ana haki ya kununa. Tarumbeta na saksafoni ya tena zimeundwa kwa B-fleti, maana yake wakisoma C inasikika B-fleti. Wewe ukiwa E, wao wanasoma F-shapu, shapu (alama za kupandisha noti) sita kwenye ukurasa. Akishika saksafoni ya alto ndio balaa, anasoma C-shapu, zote saba. Hamia F. Watasoma G, shapu moja, na wewe kazi yako ni barre moja tu, kidole kimoja kulazwa juu ya nyuzi zote, ambayo hata hivyo kwenye ska unaihitaji, kwa sababu nyuzi za wazi hazikatiki kirahisi ukilegeza vidole. Mimi wa tromboni nasoma kama inavyosikika, usinijali. Hakuna anayetujali.

#11 KambaTano

Nimehamia F. Kacheka. Ahsante mkuu.

#12 Shabiki_wa_79

Tunasubiri Jumapili, tuone huko "kupona" kwenyewe.

#13 MtelezoMrefu

SEHEMU YA TATU

Jumapili ilikuwa shoo ya mchana. Chumba kimoja, sakafu ya mbao, madirisha wazi, spika moja ya mwimbaji basi. Hakuna jukwaa. Watu 21, wawili kati yao watoto.

Hali yetu ilikuwa hivi. Mpiga drams ana lengelenge kati ya kidole gumba na cha shahada, kafunga plasta. Mwimbaji anaongea kama mlango usiotiwa mafuta. Mpiga tarumbeta akatuita pembeni, akasema, "Nina nyimbo sita mdomoni. Chagueni zipi." Hakuwa anatania.

Tukakaa kwenye ngazi za nyuma na kalamu. Kila mstari wa juu ambao haukuwa na ulazima tukaukata. Mingine saksafoni akaichukua, mingine ikashuka oktavu nzima ikaja kwangu. Sehemu ambazo sote watatu tulikuwa tunavuta noti ndefu chini ya sauti ya mwimbaji, tukafuta kabisa. Ukweli ni kwamba zile noti tuliziweka kwa sababu kusimama bila kufanya kitu mbele ya watu kunatia aibu, si kwa sababu wimbo ulizihitaji.

Tukaanza. Mpiga drams akahesabu nne, na kwa mara ya kwanza wikendi nzima nikasikia nafasi kati ya fimbo na fimbo. Programu inasema 128. Chini ya mazoezini! Mkono wake ulikuwa unauma, hakuweza kwenda haraka zaidi. Gitaa likaingia. Cha. Cha. Halafu besi. Na kwa sababu sisi wapulizaji tulikuwa kimya kwa mistari minane, nikabaki nimesimama na tromboni begani, nikasikiliza bendi yangu kama mpita njia.

Mtu wa kwanza kucheza alikuwa mama mmoja aliyekuwa anaelekea mlangoni kuondoka. Mkoba begani, funguo mkononi. Goti likapanda kwenye "na". Akaweka mkoba chini. Kufikia wimbo wa pili nusu ya chumba walikuwa wanaskanki, kiwiko na goti, kiwiko na goti, mbao zinaitikia. Ijumaa watu walikuwa wanarukaruka tu, na kuruka unaweza kuruka kwenye muziki wowote.

Tarumbeta alipiga nyimbo zake sita. Kila alipoingia ilikuwa kama mtu kafungua dirisha, kwa kuwa hamkuwa mmemsikia kwa dakika nne zilizopita.

Dakika 46, nyimbo zilezile.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki: uchovu ulitufundisha. Tulipokosa nguvu za kujaza, ska yenyewe ikatokea. Na Wajamaika wenyewe, ilipofika karibu 1966, waliupunguza mwendo ukazaa roksitedi, besi ikapata mahali pa kupumua. Sikumbuki kusoma kwamba kuna aliyelia.

#14 Shabiki_wa_79

Hapo kwenye mkoba nimekubali. Kwenye roksitedi sijakubali, hiyo ni nyumba nyingine, na kama mnaielekea semeni mbadili jina la bendi.

#15 FimboMbili

Habari zenu. Mimi ndiye mpiga drams anayesemwa humu tangu juzi. Nimetumiwa uzi na mpiga besi ambaye anaona ni jambo la kuchekesha.

Kwanza, sanduku la kiki lilikuwa tupu.

Pili, eti nilipunguza mwendo kwa sababu ya lengelenge. Nimepiga na malengelenge mabaya kuliko lile. Kaka, umesimulia vizuri ila sababu umekosea. Ijumaa amplifaya ya gitaa ilikuwa NYUMA ya ile ya besi, imeelekea ukutani upande wako. Sikuwa nasikia gitaa hata kidogo. Nilikuwa nasikia besi, nyie watatu mnalia, na mimi mwenyewe. Hiyo "na" unayoiandikia mashairi mimi ndiyo ninayoiegemea. Nikigonga mbili, gitaa linanijibu, ndipo najua tatu iko wapi. Lisiponijibu, naifuata hofu, na hofu siku zote inakwenda mbele. Jumamosi kwenye spika yangu fundi aliweka mwimbaji na tarumbeta. Jumapili gitaa lilikuwa hatua mbili kutoka sikio langu la kushoto. Ndiyo hiyo 128 yako.

#16 BintiMikisa

Nilisema nitarudi. Ndicho nilichokuwa nauliza kwenye #5. Bendi zenye midomo ya bati zikija kwangu kila mtu anaomba ajisikie mwenyewe, na mpiga drams anaomba besi. Kwa ska naweka gitaa au kinanda kwenye spika ya drams kabla hajaomba. Wapulizaji kwenye chumba kidogo wala hawahitaji maiki, zile ala zinasikika hadi barabarani.

#17 MtelezoMrefu

@FimboMbili kumbe uko humu. Sanduku lilikuwa tupu?

Sawa. Hoja ya gitaa naipokea nusu. Kama ni kusikia tu, mbona wimbo wa tano Jumapili, tarumbeta alipoingia kwa nguvu, ulipanda hadi 136 na gitaa liko palepale sikioni? Nimepima. Tulipojaza, ulikimbia. Tulipoacha, ukarudi.

#18 FimboMbili

Ulipanda kwa sababu mtelezo wako ulipita sentimita moja kutoka toazi langu na nilikuwa najihami.

#19 KambaTano

😂😂😂 Bendi hii ina mwimbaji mmoja na wanasheria wawili.

#20 MtelezoMrefu

Tuna shoo nyingine Ijumaa baada ya wiki mbili, ukumbi uleule wa chini ya ardhi. Nimeongea na mpiga gitaa: amplifaya yake inakaa juu ya kiti, kushoto kwa drams, besi inahamia kulia. Mistari tuliyoifuta inabaki imefutwa. Tutaanza na mdomo mzima na mikono mizima, hakuna mchovu hata mmoja, halafu nitapima. Ikiwa chini ya 135 hadi mwisho, FimboMbili kashinda na nitambebea matoazi ngazi zote zile.

#21 FimboMbili

Na kiki.

#22 MtelezoMrefu

Likiwa tupu.